Goti, Kiuno, Kifua

Flemingdon Park, Toronto
11 Januari 2009

Baba Jack,

Salamu za huku zimeganda. Ukizifungua, ziweke kidogo karibu na kikombe cha chai ziyeyuke kwanza. Mimi na Jacqueline tupo, tunakula, tunavaa nguo juu ya nguo. Theluji imejaza bonde lote la Don, na ukisimama dirishani kwetu, magari ya kule chini yanapita bila sauti, utadhani na yenyewe yanaota. Asubuhi nyingine nasahau kabisa kwamba niko ghorofani. Nahisi jengo limeng'oka na linaelea.

Sasa habari yenyewe. Wamenipa meli! Ofisini tumeanza kuchora meli mpya ya shehena itakayochukua nafasi ya hiyo yako kuukuu, na mimi nimepewa ubavu: mabamba ya chuma pale barafu inapogusa, na mataruma, zile mbavu za chuma zinazoyashika kwa ndani. Bado haina jina, tunaiita Kumi na Nne kwa namba ya mradi. Na kampuni yako imeshasema ofisa mkuu wake utakuwa wewe. Kwa hiyo, mume wangu, nachora ukuta utakaokaa kati yako na maji. Nilichonga penseli mara tatu kabla ya mstari wa kwanza.

Shida ni kwamba hakuna anayejua barafu itakuwaje. Tuna vipimo vya miaka michache, vingine vya njia nyingine kabisa, na kila mwaka barafu ina tabia yake. Bosi anasema kazi yetu si kujua, kazi yetu ni kujua kile tusichokijua kina ukubwa gani. Watu wana maneno.

Basi nisaidie, niandikie barafu. Ukiwa zamu unaiona inapasuka mbele ya macho yako. Niambie unene wake kwa kipimo chochote kile. Usinipigie, ile simu ya meli inakufanya usikike kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa, na nikikata naanza kulia upya.

Jacqueline ameniuliza, "Mama, does the ice have a bottom?" Nimemwambia nitakuuliza wewe.

Wako,
Mena


Bandari ya mgodi, kaskazini
2 Februari 2009

Mama Jack,

Barua yako imekuja na ndege ya mgodi, imekaa katikati ya vitunguu na betri za redio. Nimeisoma nimesimama, kisha nimeketi nikaisoma tena. Hongera mke wangu. Nilijua tangu siku ulipomwambia fundi wa kabati letu kwamba miguu yake haitoshani, na kweli likaanguka.

Huku jua linachungulia adhuhuri, linaona haya, linarudi lilikotoka. Saa zinazobaki zote ni rangi moja ya bluu, na katika bluu hiyo huwezi kusema kitu kiko mbali au karibu. Jana niliona mlima, nikamwonyesha nahodha. Tulipoufikia ulikuwa kipande cha barafu cha ukubwa wa meza yetu ya jikoni. Tumecheka, lakini kimya kimya, maana huku hata kicheko kinasikika kama cha mtu mwingine.

Barafu ninaipima hivi. Meli inapanda juu yake, inaivunja kwa uzito wake, na bamba la barafu linageuka kiubavu, linasimama pembeni ya meli na kuonyesha unene wake, kama mkate uliokatwa. Mimi naegemea ukingo, najiweka kando yake kwa mawazo: goti, kiuno, kifua. Macho yangu hayajanidanganya sana.

Basi majibu: wiki hii gotini. Wiki iliyopita gotini. Siku moja ilipita goti kidogo. Usihofu, lala usingizi.

Mwambie Jacqueline barafu ina chini, nimeiona. Ina rangi ya chai ya maziwa, kuna mimea midogo imeota huko gizani ikiwa kichwa chini.

Wako,
Thobias


Flemingdon Park, Toronto
1 Machi 2009

Baba Jack,

Goti la nani? Nilikaa ofisini na barua yako nikiwaza. Wewe ni twiga. Goti lako kwangu ni paja. Mwisho nilirudi nyumbani nikapima suruali yako ya kijivu iliyoning'inia kabatini. Jacqueline alinikuta nimepiga magoti, nimeikumbatia miguu ya suruali na utepe wa kupimia, akaondoka taratibu bila kuuliza kitu.

Barua zako zimeingia kwenye hesabu. Nimezichanganya na vipimo vya setilaiti na vya meli nyingine, na uzuri ni kwamba za kwako zina mtu ndani. Ninayefanya naye kazi ni Alnasir, kijana wa Kihindi mzaliwa wa Tabora, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Kazi yake ni uzito: kila bamba ninaloliongeza yeye analipima kwenye kompyuta na kuguna. Bila yeye ofisini ningesahau kutaniwa kukoje.

Juzi kwenye basi la Don Mills niliota mchana, macho wazi. Niliona maji ya ziwa yamepanda bondeni, yameganda, na wewe unapita chini ya barafu umevaa koti lako la kazi, unanipungia mkono kwa furaha. Nililia hadharani. Mama mmoja akanipa karatasi laini, akanishika bega mpaka kituo chake.

Lakini nimekuelewa. Gotini tu. Nakuamini.

Wako,
Mena


Baharini
4 Aprili 2009

Mama Jack,

Leo niliona meli nne zimening'inia angani, zimepinduka, milingoti ikielekea chini. Hazikuwepo. Ni hewa ya baridi inayokunja mwanga. Inakuonyesha kitu kilicho nyuma ya upeo, inakigeuza na kukitundika juu. Moja kati ya zile nne ilikuwa meli ya kweli, ilitufikia jioni. Zile nyingine tatu sijui ni za nani.

Barafu: kifuani. Wiki nzima kifuani, siku mbili ilipita kifua. Iandike hivyohivyo. Kulikuwa na kishindo kidogo upande wa mbele, kwenye omo, Jumanne, tumeangalia, tunaendelea na safari.

Umesema barua zangu zimeingia kwenye hesabu. Sikujua barua ya mume inaweza kuingia kwenye hesabu.

Usilie kwenye basi, Mena. Hapa tunakula vizuri. Mpishi amejifunza kupika ugali, ingawa anauita pudini.

Thobias


Flemingdon Park, Toronto
10 Mei 2009

Baba Jack,

Nisome ukiwa umeketi.

Alnasir amejumlisha uzito wa Kumi na Nne, michoro yote pamoja. Imekuwa nzito kupita tulivyopanga. Ikibeba shehena yake kamili itakaa chini zaidi majini, na mkanda wa barafu utazama nayo. Mkanda ni ile sehemu ya ubavu tuliyoiimarisha, pale maji yanapokutana na hewa, maana hapo ndipo barafu inapogonga. Sasa barafu itagonga juu ya mkanda, kwenye bamba jembamba. Ni kama mtoto uliyemvalisha makoti mengi ya theluji mpaka shingo ikabaki wazi. Nimemwona mtoto huyo ndotoni, ana sura yako.

Michoro inakwenda kiwandani mwezi wa sita.

Alnasir alikuja mezani kwangu akasema, "Dada Mena, chuma hiki chote kimetoka wapi? Mimi niliongeza kidogo tu, kwa usalama." Nikamwuliza, hata wewe? Tukazunguka ofisi nzima. Aliyechora mataruma aliongeza kidogo. Aliyechora sakafu aliongeza kidogo. Bosi mwenyewe aliongeza, akakohoa. Kila aliyepita jikoni alitia chumvi yake na hakumwambia mwenzake.

Lakini iliyozidi zote ni ya kwangu. Nakujua, Thobias. Nilikukuta hospitali ya Songea una dripu mkononi, ukaniambia kichwa kinauma kidogo. Kwa hiyo kila ulipoandika goti, mimi niliandika kiuno. Ulipoandika kifua, niliandika barafu iliyokupita kichwa. Nilisema nakuamini, kisha nikakuzidisha.

Bosi aliniuliza imekuwaje nikarekebisha vipimo bila kuandika sababu. Nikamweleza kwetu mtu akiulizwa habari anajibu nzuri, hata kama nyumba inaungua, anajibu nzuri, anavuta pumzi, halafu ndipo anasema, "ila." Sisi wengine tumezoea kuisikia hiyo ila kabla haijasemwa. Alicheka, akaacha, akasema, "Then go and get me the ila, Philomena."

Basi naomba. Uliona nini hasa?

Mena


Bandari ya mgodi, kaskazini
24 Mei 2009

Philomena,

Umenikasirisha, nakwambia wazi. Nimetembea staha nzima na barua yako mfukoni. Mke wangu ameniita mwongo miezi minne, kwa hesabu, mbele ya ofisi nzima. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba umepatia.

Februari ilikuwa kiunoni. Niliandika goti kwa sababu nilikuona umekaa dirishani na barua, na sikutaka kuandika kitu kitakachokusimamisha. Ilipokuja ile ya kwako ya Machi, kwamba barua zimeingia kwenye hesabu, nilipata baridi ambayo si ya huku. Nikaona nimekupunguzia chuma kwa mkono wangu mwenyewe. Basi nikaanza kulipa: ilipokuwa kiunoni nikaandika kifuani, na ile iliyopita kifua haikupita. Wewe nawe ulikuwa unazidisha. Tumekutana gizani, kila mmoja amebeba taa ya mwenzake.

Ile Jumanne. Kishindo hakikuwa kidogo. Nilikuwa stoo ya mbele, ndani kabisa ya omo, na bamba la chuma lilikuja kwangu. Liliingia ndani taratibu, kama mtu anayesukuma pazia, na taruma moja likapinda. Nilikuwa nimeliwekea kiganja. Chuma kilikuwa baridi, kikawa na joto kidogo, halafu kikanyamaza. Nilisimama pale nikisikiliza maji upande wa pili, yalikuwa yakisema kitu polepole, na nikakumbuka Jacqueline hajui kufunga kamba za viatu. Kisha nikapanda juu, nikamwambia nahodha kuna kazi ya fundi.

Hiyo ndiyo ila. Na unisikilize: barafu ni goti siku nyingine, ni kifua siku nyingine, na siku moja itakuwa kitu ambacho sina kiungo cha kukipimia. Hilo pia liandike. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuka mbele yako.

Thobias


Flemingdon Park, Toronto
21 Juni 2009

Baba Jack wangu,

Nimekusamehe, nisamehe na wewe, tumalize.

Nimezitoa barua zako kwenye hesabu. Zote. Nimezirudisha kwenye droo ya chumbani chini ya kanga zangu, maana zilikuwa za kwangu tangu mwanzo, hazikuwa za meli. Mahali pake tumeweka vipimo vya vifaa, na tumeweka upana: barafu ya njia yako inaanzia hapa, inaishia hapa, na kupita hapo hatujui. Tumeliandika neno hilo kwenye mchoro, hatujui, bosi akatia saini chini yake. Sikuwahi kuona neno hilo likisainiwa.

Kila mtu ameondoa nyongeza yake ya siri. Tumebaki na nyongeza moja tu, ya wote, imeandikwa wazi ni ya nini. Meli imepungua uzito, imeinuka majini, na mkanda umerudi mahali pake. Tumeupandisha na juu kidogo, kwa sababu ya kile ulichosema huna kiungo cha kukipimia. Hiyo ndiyo nyongeza yenyewe. Alnasir ameguna, lakini kwa upole.

Jana jioni nilimpeleka Jacqueline bondeni. Majani yamefunga mpaka mto hauonekani, unausikia tu. Nikamfundisha kufunga kamba za viatu juu ya gogo. Amejua.

Nimeisoma mara nyingi habari ya ile Jumanne. Umesema chuma kilikuwa baridi, umesema kikawa na joto, umesema maji yalikuwa yanaongea. Hujasema kama uliogopa. Sikulazimishi. Ila ukiniandikia tena kutoka barafuni, usianze na salama. Anza na ila, hayo mengine yatafuata.

Michoro imeondoka Ijumaa. Tangu hapo nimekuwa mwepesi, natembea kama mtu aliyesahau mkoba mahali.

Wako,
Mena


Ndani ya Kumi na Nne, kaskazini
17 Februari 2013

Mama Jack,

Ila tumekwama.

Upepo uligeuka, ukaisukuma barafu yote inayoelea kuelekea pwani, na sisi tuko katikati. Injini haisaidii kitu. Barafu imepandana pembeni yetu, safu juu ya safu, na leo nimetoka kuipima kwa mtindo wangu wa zamani. Goti, kiuno, kifua, kisha nikainua mkono juu, na bado iliendelea. Ndiyo hiyo niliyokwambia.

Meli imepewa jina zuri na wenyewe, lakini mimi naiita kwa namba yake, na inaitika. Inaguna usiku na mchana. Nimeshuka ubavuni, mahali ulipochora. Bamba limebonyea kati ya mataruma mawili, bonde dogo, kiganja changu kinalala humo. Mataruma yamesimama. Maji hayajaingia. Barafu inagonga palepale penye mkanda, Mena, si juu, si chini, na nilipoona hivyo nililitamka jina lako kwa sauti na kijana wa mashine akadhani namwita yeye.

Niliogopa. Naogopa hata sasa ninapoandika. Nimeketi nimeegemeza mgongo kwenye ubavu wako, nahisi barafu inavyosogea upande wa pili, na mchana huu wa bluu umeingia hadi ndani, sijui kama nimelala au niko macho. Nimeona mlango wa nyumba yetu ukifunguka kwenye chuma. Nimewaona mnavua viatu.

Upepo ukigeuka tutatoka. Lini, sijui. Kama bamba litaendelea kushika, nadhani ndiyo, lakini sijui. Kampuni itakupigia na maneno yake. Helikopta ya mgodi imeleta vipuri, inaondoka sasa hivi, nawapa barua hii.

Salama nyingine zote ni salama kweli.

Thobias


Flemingdon Park, Toronto
6 Machi 2013

Baba Jack,

Ila sijui kama barua hii itakukuta.

Kampuni ilipiga simu mara mbili. "Everything is under control, ma'am." Nikashukuru, nikaweka simu chini, nikaanza kuzidisha. Kwa usiku mzima mlikuwa mmeshazama, nimeshavaa nyeusi, nimeshamwandikia mama yako. Asubuhi nikaenda kazini hivyohivyo. Alnasir alinitazama mara moja, akaniletea chai, akaketi kando yangu na kazi yake bila kuniuliza habari. Nilimshukuru kwa hilo.

Jana barua yako ikafika.

Jacqueline alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Miaka kumi sasa, kimo chake kinanipita bega. Akasema, "Is Baba fine?" Na nzuri ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wangu, Thobias, ilikuwa tayari kutoka. Nikaimeza. Nikamwambia baba amekwama kwenye barafu, anaogopa, chuma kinashika, na hatujui lini atatoka. Akamaliza kamba ya pili. Akasema, "Okay. Then we wait." Akaja tukaketi wote wawili sakafuni jikoni, migongo yetu ukutani, na shule hakuenda.

Nakuogopea. Nakupenda. Nje theluji inaanguka tena na bonde limepotea, nyumba inaelea, na sijui uko wapi ndani ya weupe huu.

Nimekaa na barua yako tangu jana. Nimesoma kwamba bonde la bamba ni la kiganja, nimeliacha la kiganja. Nimesoma kwamba maji hayajaingia, nimeacha hayajaingia. Nimesoma neno lako, niliogopa. Nimelisoma kama ulivyoliandika, sikuongeza kitu.

Wako,
Mena